Peni ya Paskalia na Programu ya Lugha Tatu

Mwaka 1998 tulikuwa wawili katika kiofisi cha uchapaji pale Masasi: mimi Mathias, wa mashine ya kuchapia, na Paskalia, Mama Nikolao, wa kompyuta. Sikumpenda. Alisoma kila kitu mara mbili, mimi nilitaka kazi iishe.

Mfanyabiashara mmoja wa salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, alileta kipeperushi cha wakulima kwa Kiingereza, Kiswahili na Chimakonde. Bosi wetu Cuthbert alikuwa ametoka Dar es Salaam na disketi ya programu ndogo ya kupachika kwenye ile ya kuandikia. Ilipanga lugha tatu bega kwa bega, na namba isiyofanana na zile za lugha nyingine iligeuka nyekundu. Bonyeza kitufe, zote zinafuata Kiingereza.

Paskalia akaenda msibani Mnyambe. Nikaona wekundu: Kiingereza kilisema kupuliza kuanze saa 5, Kiswahili na Chimakonde saa 11. Saa tano ya Kizungu ni saa kumi na moja yetu ya alfajiri, kila mtoto anajua, nami nilijua. Lakini ule wekundu uliniudhi. Nikabonyeza, nikachapa nakala mia tatu.

Paskalia aliporudi akasoma moja, akakaa chini. Kwa saa zetu, saa tano umande umeshakauka na upepo umeamka. Salfa yote itaruka hewani. Na ruzuku ya serikali kwa salfa ilikuwa imeondolewa, watu walikuwa wameuza mbuzi wapate mifuko miwili. Cuthbert akasema karatasi zimekwisha, lori la kupeleka salfa na vipeperushi linaondoka kesho, na kompyuta imeshakubali.

"Bosi," Paskalia alisema, "hiyo programu haijawahi kukanyaga umande."

Akachukua peni. Akasahihisha kila nakala kwa mkono, Kiswahili na Chimakonde, na pembeni akaongeza: kabla umande haujakauka. Hakula mchana. Hakuuliza nani amebonyeza, nami nikaendelea kufunga nakala alizomaliza.

Julai nilikwenda kwetu Newala. Baba yangu, mzee Barnaba, alikuwa na msimu wake wa kwanza wa salfa. Saa moja asubuhi alirudi shambani, suruali imelowa hadi magotini, kope zimejaa unga wa njano. Nilipomwamkia alitoa kipeperushi mfukoni.

"Huyu aliyeandika kwa mkono ni mtu wenu? Msalimie sana."

Niliona aibu mpaka nikashindwa kunywa uji. Niliporudi Masasi nilimfikishia Paskalia salamu, nikamwambia ni mimi niliyebonyeza. Akasema alijua tangu siku ile. Kisha akanisogezea kiti, tusome pamoja ukurasa uliokuwa mbele yake, mara ya pili.