Asali Isiyo ya Mizinga Yetu

Katarina wa Ipuli huuza asali, na ulimi wake haudanganyiki. Mpe kijiko kimoja tu, atakwambia imetoka pori gani. Basi mumewe, Modest, aliporudi kutoka kurina na madebe mawili, Katarina alilamba kidogo, akamuuliza imetoka wapi. Asali ya mizinga yao huwa nyeusi, ina uchungu wa mbali mwishoni. Hii ilikuwa nyeupe, laini, ya watu wengine.

"Nyuki ni wale wale," Modest alisema. "Maua ndiyo yamebadilika."

Maua! Kikulacho ki nguoni mwako. Nani humpa mume wa mtu madebe mawili ya asali bure, kama si mwanamke? Wivu ulimshika Katarina. Alinusa mashati, akawapitia kichwani wajane wote wa njia ya reli, kila mmoja akamwona mzuri kuliko yeye. Modest alipoaga tena kwamba anakwenda porini, Katarina alimfuata kwa treni, behewa la nyuma, amejitanda kanga hadi puani, wakashuka stesheni ya Kigwa.

Mwanamke hakuwepo. Modest alikuwa amekaa chini uani kwa mrina asali mmoja mzee, Kornel, anachonga gogo la mzinga. Mkono wa kushoto wa Modest, ule ambao nyumbani haukutoka mfukoni, ulikuwa unatetemeka vibaya.

"Shikamoo, mzee. Yuko wapi huyo mwanamke?"

"Marahaba. Mwanamke gani, mwanangu? Mwenzio hawezi tena kupanda mti tangu mavuno yaliyopita. Ananichongea mizinga, nami nampa asali."

Katarina alilia kwa hasira. "Modest! Mzee wa watu ajue, mimi mkeo nisijue?"

Modest hakuinua macho. "Jirani yetu Sixbert alipoacha kupanda miti, ulimwitaje?"

Katarina alikumbuka. Sokoni, mbele za watu, alimwita mke mwenza wa mkewe. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na Modest alicheka nao.

Wivu haukumtoka, ulimgeukia Kornel, aliyeaminiwa kabla yake, na uliuma kuliko ule wa mwanamke.

Jumatatu Urmi, mwenye duka anayenunua asali kwake miaka yote, alionja akakunja uso. "Dada Katarina, hii ni ya Modest kweli?"

"Ni yake," Katarina alisema, akafunika ndoo kabla Urmi hajaonja tena.