Wote Ni Wako, Mwanangu

Kaka yangu ni mtu wa watu. Muulize yeyote pale Remera, kuanzia wauza matairi wenzake mpaka mama wa chapati, atakuambia yule bwana ana roho safi, akikukuta stendi na mzigo anakupakia kwenye pikapu yake. Ni kweli. Hata mimi amenipakia na majora yangu ya vitambaa mara nyingi tu, maana cherehani yangu iko mtaa wa pili kutoka dukani kwake. Nalisema hili mwanzo asije mtu akasema nimeandika kwa chuki. Sina chuki naye. Nina hasira naye, na hasira hiyo nimeshona nayo mwaka mzima, leo naitoa.

Mama yetu alikuwa na mdogo wake mmoja, aliyeolewa mashambani, mwendo wa basi wa nusu siku ukihesabu na kusubiri. Sisi ni Waislamu wa mjini, tumekua na Kiswahili nyumbani. Yeye alimfuata mumewe kanisani, Kiswahili kikamtoka, akabaki na Kinyarwanda chake laini. Mume alishafariki. Watoto wa kuzaa hakujaaliwa, kwa hiyo watoto wake ni sisi, mimi na kaka. Akituita "mwana wanjye", yaani mwanangu, anamaanisha hivyo hasa.

Miaka ya nyuma kaka alimpelekea mbuzi jike amfugie. Kwetu Rwanda jambo hilo lina utaratibu wake: mwenye mali anakupa mnyama umtunze, mzao wa kwanza ni wake, wa pili ni wako wewe unayekata majani na kufagia banda, na kuendelea hivyo kwa zamu. Mama mdogo akafuga. Mzao wa kwanza kaka akachukua, haki yake. Ulipofika wa pili, kaka alikuwa na harusi ya upande wa mkewe. Akaenda, akasimama mlangoni mwa banda, akauliza, "Mama mdogo, na huyu je?" Mama mdogo akajibu, "Chukua, mwanangu. Wote ni wako."

Hapa lazima nieleze, maana asiyekulia kwetu anaweza kumtetea. Maneno hayo ni adabu. Anayefuga mali ya mtu hasemi "wangu" mbele ya mwenye mali. Anasema wote ni wako, na mwenye mali, kama ana haya usoni, anajibu, "Hapana, mama, huyu ni wako, umemtolea jasho." Mmoja anatoa kwa mdomo, mwenzake anakataa kwa mdomo, na kila mtu anabaki na haki yake. Kaka analijua hili kama anavyolijua jina lake. Aliisikia nusu ya mama mdogo, nusu yake yeye akaimeza. Akafunga kamba, akaondoka. Mzao wa nne vilevile. Wa sita vilevile. Mama mdogo alibaki na samadi ya kuweka kwenye migomba.

Basi ikaja ile pesa. Watu wa shirika fulani walipita kilimani kwao nyumba kwa nyumba, na baadaye kila kaya ikatumiwa msaada kwenye simu, pesa taslimu, mtu atumie anavyoona mwenyewe. Hapa mjini watu walisema! Wallahi niliwasikia kwa masikio yangu, dukani kwa kaka, wameketi juu ya matairi: eti wataanza na pombe ya ndizi na kumaliza na pombe ya ndizi. Kaka naye akadakia, "Watu wa mashambani ukiwapa pesa mkononi umewaharibu." Anasema hivyo na mkononi ana chupa ya soda aliyonunuliwa na mtu mwingine.

Haya, nendeni mkaone walivyoharibika. Jirani yake wa juu alinunua nguruwe, sasa wanawe wanakwenda shule na viatu. Wa chini alijaza kuku, ugonjwa ukawafagia karibu wote, akalia, akaanza upya na waliobaki. Mama mdogo alinunua mbuzi majike wawili, mwekundu na mweusi, kwa sababu mbuzi ndio anaowajua. Alitengeneza banda upya, sakafu ya miti imeinuliwa juu ya ardhi, kwato zisikae kwenye unyevu. Mpango wake alinieleza kwa simu, anacheka mwenyewe kwa furaha: hawa wazae, wazao wazae, auze, anunue ng'ombe. Alitaka kabla hajafa mgeni aingie kwake ampe maziwa ya ng'ombe wake, si ya kuomba kwa jirani. Hilo tu. Mwanamke wa umri ule, na hilo ndilo aliloliomba duniani.

Nikamwambia kaka. Nasisitiza: mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, dukani kwake. "Mama mdogo amenunua majike wawili kwa ile pesa." Akasema, "Ala! Vizuri sana." Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba hakujua.

Mwaka jana, kuelekea Idi ya kuchinja, mama mdogo alinipigia kututakia sikukuu njema. Katikati ya salamu akasema, kama anayetaja hali ya hewa, kwamba kaka amekuja na pikapu akachukua mbuzi.

"Lile dume lililozaliwa na jike lake?"

"Na lile dume."

"Na nani tena?"

"Na wale wawili."

Nilisimama, cherehani nikaiacha na kitambaa cha mteja mdomoni. "Mama mdogo! Wale si wako?"

"Alisimama pale mlangoni, akaniuliza, 'Na hawa je?' Nikamwambia wote ni wako. Ningemwambia nini, mwana wanjye? Nilikuwa nasubiri akatae."

Nilikuwa nasubiri akatae. Hebu fikiria mwanamke amesimama kwenye banda lake, anangoja neno moja la adabu kutoka kwa mtu anayemwita mwanawe, na mwana anafungua kamba. Kisha akasema neno lililonikata maini kabisa. "Yule mwekundu ana mimba. Mwambie asimfunge kamba fupi."

Sikuaga mtu. Nilipanda moto, pikipiki ya abiria, mpaka mtaa wa Niboye nyumbani kwa kaka, nikafika magharibi inakaribia. Ilikuwa siku ya Arafa, yeye na nyumba yake wamefunga. Amefunga, jamani! Ana njaa ya ibada tumboni na mbuzi wa mjane uani! Mkewe alinifungulia geti kwa uchangamfu wake wa siku zote: "Karibu, wifi, hapa ni kwako, jisikie nyumbani." Nikapita. Mbuzi walikuwa watatu chini ya paa la kuegeshea gari, mwekundu amelala, tumbo limetuna. Kesho yake dume angechinjwa kwa ajili ya kaka, mmoja kwa ajili ya mkewe, mwingine kwa ajili ya marehemu baba yetu. Mmoja angetosha nyumba nzima, dini haijamtaka zaidi. Lakini wakwe walikuwa wamekuja kufuturu, na kaka anapenda kuonekana.

Nikamkuta sebuleni na baba mkwe wake, tende na uji mezani, wanangoja adhana. Sikukaa. "Wale majike wawili si wako. Warudishe."

"Mama mdogo mwenyewe kanipa," akasema, mtulivu kabisa. "Mpigie umuulize."

Nikampigia, nikaweka sauti kubwa wote wasikie. Nilidhani nimemnasa. Nikauliza, "Mama mdogo, sema hapa mbele ya watu, wale mbuzi wawili ni wa nani?"

Na yeye, kutoka kilimani kwake, kwa sauti ile ile ya upole: "Ni wa mwanangu. Wote ni wake. Msigombane kwa ajili ya mbuzi."

Kaka akafungua viganja viwili. "Umesikia?"

Nilitamani kuitafuna ile simu. Nilimkasirikia kaka, nikamkasirikia mama mdogo, nikajikasirikia mimi niliyemuuliza mbele ya wakwe nikijua kabisa atajibu nini. Mezani, kando ya sahani ya tende, zilikuwa funguo za pikapu. Nikazichukua. Mimi siendeshi gari, hata baiskeli inanishinda, lakini nilizichukua nikaelekea mlangoni.

"Umerukwa na akili? Unakwenda wapi na funguo zangu?"

"Zako kivipi? Wifi kaniambia getini hapa ni kwangu. Muulize. Akikana, nazirudisha."

Wifi akajifunika mdomo na mtandio. Sijui alikuwa anacheka au anaona aibu. Baba mkwe akageuza shingo taratibu, akamtazama kaka. "Kwani hao mbuzi ni wa nani?"

Kaka akasema, "Baba, ni mambo madogo ya kifamilia."

"Basi apa," nikamwambia. "Midomo yako bado mikavu kwa saumu. Apa kwa Mungu kwamba yule mwekundu ni wako, na mimi naziweka funguo hapa, kesho nitakuja asubuhi kukuoshea utumbo wa mbuzi."

Adhana ikaanza. Hakuapa. Alinyoosha mkono, akachukua tende, akasema bila kunitazama, "Wachukueni. Unanivunjia heshima mbele ya wakwe kwa sababu ya mbuzi wawili." Mbuzi wawili! Kwake ni mbuzi wawili.

Siku ya Idi wenzangu walikuwa kwenye swala, mimi nilikuwa kwenye pikapu na dereva wa dukani kwa kaka, nageuka nyuma kila kwenye shimo. Mwekundu alisimama njia nzima, akatetemeka, hakula hata jani. Mama mdogo alitupokea kwa aibu, kama yeye ndiye mwizi. Akauliza kwanza kama kaka amekasirika.

Mimba iliharibika. Vitoto viwili, manyoya bado. Hakuniambia. Nilikuja kujua baada ya wiki kadhaa nilipokwenda kumwona, nikamuuliza mwekundu amezaa lini, akasema, "Si kitu, atabeba tena." Na nyama ya sikukuu kaka alimpelekea, usidhani hakupeleka! Nyama ya dume aliyekatiwa majani na mama mdogo. Mama mdogo alinituma nimpe shukrani. Nilikataa kuzipeleka, tukakosana kwa mara ya kwanza maishani.

"Sema 'wangu' tu," nilimwambia. "Neno moja. Litakuua?"

"Ni neno kali," akasema.

"Kali kwa nani? Yeye anakula, anashiba, analala!"

Nikarudi mjini nikashona.

Mwekundu alibeba tena kama alivyosema, akazaa mmoja. Mweusi naye mmoja. Mwaka huu Idi ilipokaribia nilifunga kibanda changu cha kushonea, nikaenda kukaa kwa mama mdogo makusudi, sikumficha sababu. Siku mbili kabla ya sikukuu pikapu ikapanda kilima. Kaka akashuka na tabasamu lake, akanisalimia kama hakuna lililotokea, akasimama mlangoni mwa banda. Ndani walikuwa jike lake la zamani na dume jingine alilolizaa jike hilo, pamoja na wale wanne.

"Mama mdogo," akasema, "na hawa je?"

Nilibana meno nisiseme. Mama mdogo alikuwa na ungo wa maharage mikononi. Aliokota kijiwe kwenye maharage, akakitupa.

"Wako ni yule mzee na dume lake," akasema. "Hao wanne ni wangu. Niliwanunua mimi."

"Haya, mama, sawa," akasema kaka, kwa wepesi kabisa. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo! Akapakia dume, akaomba maji ya kunawa, akatania kidogo juu ya matope ya njia yetu, akaondoka. Mimi nilikuwa tayari kupiga vigelegele kilima kizima kisikie. Nikageuka kumtafuta mama mdogo, simuoni.

Nilimkuta ndani, ameketi ukingoni mwa kitanda, uso ndani ya kitenge, analia mabega yanaruka. Nikamkumbatia, nikamwambia amefanya vizuri, amesema haki yake. Alitikisa kichwa. "Nimemfukuza mtoto mlangoni kwangu," akasema. "Hata maji ya kunywa sikumpa. Hatakuja tena."

Jioni kaka alinipigia simu. Hakuuliza habari za mama mdogo. Alitaka kujua kama sikukuu nitakwenda kwake kula pilau.