Mwanafunzi Aliyeamkiwa Shikamoo

Siku ya kwanza Mwalimu Koleta alipoingia darasani pale chuoni, darasa zima lilinyamaza na simu zikarudi mifukoni. Walidhani ni mhadhiri. Alipopitiliza na kwenda kukaa nyuma kabisa, mmoja akacheka, wenzake wakamkanyaga mguu chini ya meza. Koleta naye alicheka, lakini jasho lilikuwa linamtiririka mgongoni.

Alikuwa amefundisha shule ya msingi huko Kaliua tangu usichana wake, hadi wale aliowafundisha kusoma wakaanza kumletea watoto wao. Shahada aliiota miaka mingi. Siku ya safari, mumewe Bernardo alimsindikiza stesheni akimtangazia kila aliyepita kwamba mkewe anakwenda kusoma chuo kikuu Tabora. Sasa ukishatangazwa stesheni nzima namna hiyo, utarudi na uso gani? Hilo ndilo lililomkosesha raha katika chumba alichopanga mtaa wa Kitete.

Kilichomtesa hasa ni takwimu. Hesabu za darasa la saba angekufundisha amefumba macho, lakini hizi za chuo, tena kwa Kiingereza cha mhadhiri anayesema kama mtu anayewahi treni, zilimpita juu kwa juu. Jaribio la kwanza alifeli vibaya. Na kwa sheria za hapo, ukifeli na la pili, mtihani wa muhula huufanyi, unafungasha virago. Wenyewe wanaita kudisko, na vijana wanalitamka neno hilo wakicheka. Koleta hakuweza kulicheka.

Aliona ana bahati, kwa sababu kiongozi wa kikundi chake cha kusomea alikuwa Yoramu, mtoto wa Kaliua, ambaye yeye mwenyewe alimshika mkono kumfundisha kuandika. Wengine walikuwa wawili: Twalibu wa Igunga, na Sheima, binti wa Kiarabu ambaye kwao wana duka mjini. Watoto wa adabu hao, jamani, acha tu. Walimpokea mkoba, wakampangusia vumbi kwenye kimbweta, ile meza ya saruji wanayojisomea nje ya madarasa. Naye aliwaletea michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa kutoka nyumbani, wakatafuna wakishukuru.

Adabu hiyohiyo ndiyo iliyommaliza. Katika kazi ya kwanza ya kikundi alieleza swali moja jinsi alivyolielewa yeye, yaani vibaya, na wote wakaitikia kwa vichwa.

"Umeeleza vizuri, Mwalimu," Yoramu akasema, akaandika vilevile.

Kikundi kizima kikavuna alama za aibu. Hakuna aliyemlaumu. Alipouliza walikosea wapi, Yoramu alikuna kichwa akasema mhadhiri yule ni mgumu tu. Ulitaka aseme nini? Kijana amelelewa akijua mtu mzima hakosolewi mbele ya watu, na aliyemkazia somo hilo shuleni, kwa fimbo inapobidi, ni huyohuyo Koleta.

Tangu hapo vikao vyao vikawa vitamu na vifupi. Walikutana alasiri, wakamsikiliza, wakakubali kila neno, wakaagana. Koleta alirudi Kitete na ujinga wake mzima mzima, huku wenzake wakimjibu mhadhiri darasani bila kusita. Alijiona mzee na mzito wa kichwa.

Jioni moja, jaribio la pili likiwa limekaribia, alisahau mwavuli kwenye kimbweta akaufuata. Akasikia sauti za vijana wa kikundi chake kutoka darasa la jirani, akasogea dirishani.

"Wanafunzi wanne wamepata kumi kumi, mmoja kapata mia," Twalibu alikuwa anasema. "Kipi kinaonyesha hali ya darasa, wastani au alama ya katikati?"

"Wastani," akajibu Sheima.

"Weee! Umeingia chaka!" Yoramu akapiga meza. "Wastani ni ishirini na nane. Nani hapo ana ishirini na nane? Mmoja kawabeba wenzake mgongoni! Ni ya katikati, kumi."

"Basi bwana, nimekosea, msinile nyama," Sheima akasema akicheka, na Yoramu akaandika jibu ubaoni.

Pale dirishani Koleta alielewa. Jambo lililomshinda wiki nzima lilimwingia mara moja, kwa kusikiliza ugomvi tu. Kisha ikamuuma. Kumbe kikao cha kweli ni hiki, na kile cha alasiri ni cha kumfurahisha mama wa watu. Angewakasirikia angepata nafuu, lakini angewakasirikia kwa kosa gani?

Akapiga moyo konde, akaingia. Viti vikakwaruza sakafu, wote watatu wakasimama.

"Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba, wanangu. Kaeni. Nimekuja kusoma na ninyi. Leo nichukulieni kama mwenzenu. Nikikosea, nikemeeni kama mnavyokemeana. Nawaomba."

"Sawa, Mwalimu," wakaitikia kwa pamoja.

Yoramu alimpisha kwenye kiti kizima kuliko vyote, yeye akabaki amesimama. Koleta akalitazama lile swali. Jibu alikuwa nalo, lakini jibu moja lingemfikisha wapi? Alitaka mtu wa kumwambia amekosea, leo na kesho, mpaka muhula uishe.

"Mimi naona ni wastani," akasema.

Twalibu akainamia viatu vyake. Yoramu akafungua mdomo, na Koleta akamtazama kama mtu anayeomba. Mdomo ukafungwa.

"Ni kweli, Mwalimu," Sheima akasema kwa upole. "Ni wastani."

Yoramu akachukua kifutio, akafuta jibu lililokuwa ubaoni, akaandika wastani kwa mwandiko mzuri. Koleta akasema ahsanteni, wanangu, akatoa kalamu, akanakili.