Mwanya wa Saa Nane Mchana

Saa nane mchana, njia imefungwa kwa dakika arobaini, na Mama Nyundo amelala kifudifudi juu ya zege linalochoma kama kikaango. Anagonga kwa nyundo ndogo, anasikiliza, anagonga tena. Kwingine kote sauti ilikuwa kavu. Hapa panalia kama debe tupu.

"Umesikia?" anamuuliza mwandishi wa habari aliyefuatana naye, kisha anamtazama kwa jicho la pembeni. "Au unaitikia tu kunifurahisha?"

Ndivyo alivyo. Miaka ishirini na miwili ya kukagua reli ya treni ya mwendo kasi imemfanya asimwamini mtu, chombo wala karatasi. Hata chai ya kazini hunusa kwanza. Wenzake humcheka, naye huwaacha wacheke.

Reli hii haikulazwa juu ya kokoto. Imefungwa kwenye mabamba mapana ya zege, na chini ya kila bamba kuna tabaka la saruji linalolishikilia. Bamba likiinuka hata kidogo, kila treni inayopita hulipigiza chini mpaka saruji inasagika. Na treni zenyewe zinakwenda kilomita mia tatu kwa saa.

Mashaka ya safari hii yaliletwa na mdogo wake wa kiume, dereva wa treni hizo. "Dada, pale kwenye kona nikipita asubuhi, shwari," alimwambia wakila nyumbani. "Nikirudi mchana, treni inanirusha."

"Nilidhani anatafuta kisingizio cha kuchelewa," anasema dada mtu. "Namjua huyo, toka utotoni ana maneno."

Hata hivyo machale yalimcheza. Akakagua asubuhi kumi na moja mfululizo, kabla ya treni ya kwanza, kama utaratibu unavyotaka. Kibati chembamba anachopenyeza chini ya bamba kupimia mwanya kiligoma kuingia. Kila siku aliandika "sawa" na kutia saini. Akamshuku mdogo wake, akamshuku fundi aliyeziba ufa mwaka jana, akamshuku msimamizi. Mtu mmoja tu hakumshuku.

"Mimi mwenyewe," anasema, bila kucheka. "Asubuhi zege limepoa, limetulia. Jua likilipiga linatanuka, linasukumana na mwenzake, halina pa kwenda ila juu. Sisi wakaguzi wote tunapima asubuhi kwa sababu ndiyo saa njia iko tupu. Tulikuwa tunampima mgonjwa homa ikiwa imeshuka."

Leo, baada ya kuomba njia ifungwe mchana, kibati kinazama chote. Mwanya ni milimita tatu.

"Naogopa," anasema. "Kila mchana mdogo wangu anapita hapa na watu mia tano, na mimi nimesema pako sawa."

Anatoa taarifa kwa redio, na treni zinaagizwa kupita hapo kwa kilomita themanini tu kwa saa. Baada ya robo saa msimamizi anafika na fomu mkononi, mpole kupita kawaida yake.

"Mama, tuandike mwanya umetokea leo," anasema. "Ukisema mwanya ulikuwepo tangu zamani, watakushukia wewe. Saini zote ni zako."

Mama Nyundo anaisoma fomu mara mbili, anaigeuza, anasoma na nyuma. "Kaka, upole huu umeutoa wapi? Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Nikiandika umetokea leo, kesho mtarudi kulekule kupima asubuhi."

Anaandika kwamba alipima saa isiyofaa, siku kumi na moja. Anajua anaweza kusimamishwa kazi, na hilo linamuuma. Chini yake anaandika ombi: kila bamba lipimwe mchana wa jua kali. Msimamizi anaahidi kulifikisha. Ahadi ya mdomo anaikataa. Anataka nakala yenye muhuri.

Wakimwacha kazini, amebakiza miaka mitatu kustaafu, na anataka kumfundisha mwenyewe atakayeshika nafasi yake.

"Sitafuti mwenye nguvu wala mwenye masikio mazuri," anasema akijipangusa vumbi. "Nataka mtu ambaye nikimwambia hapa pako sawa, ataondoka akapime upya."