Karani Aliyeandika Kwamba Natacha Ametulia

Karani wa kliniki moja ya magonjwa ya akili, mtaani Gikondo, aliandika kwamba Natacha ametulia. Daktari akasoma, akampunguzia dawa. Mama yake Natacha, mkimbizi wa Burundi asiyejua kusoma, amechoka kumtazama karani huyo. Karani hulamba kidole gumba kabla ya kufunua kila faili, hupuliza muhuri kama chai ya moto, na sauti yake haipandi hata akitukanwa.

“Mama Natacha, binti yako ana adabu. Anakaa kimya, macho chini. Wangu angekuwa hivi ningeshukuru.”

“Bwana karani, huyu alikuwa akiimba hata akifua. Mwezi wa pili huu hajasema neno.”

“Basi umelea vizuri,” akasema, akaita mwingine.

Natacha bado anamdai karani huyo swali moja, aulizwe yeye mwenyewe: unaendeleaje?