Kichwa cha Mzee Sefanaia

Miaka tisa Lesieli alimuuguza baba yake, mwili wote isipokuwa kichwa. Alimwogesha, alimbadilisha nguo zilizolowa, alimlisha viazi vikuu vya kupondwa kwa tui. Mwenyewe alikuwa na miaka sitini na miwili, na kiuno kibovu. Kaka zake wawili wako ng'ambo, Oklandi. Kila Jumapili hupiga simu: "Mzee hajambo?" Kiuno cha Lesieli hakuna aliyewahi kukiulizia.

Kichwa cha baba ni mwiko kwa mwanawe, na Lesieli hakuwahi kukigusa hata utotoni. Kila Jumamosi Shangazi Lupe, dada mkubwa wa mzee, alijikokota na fimbo kutoka mwisho wa kijiji kuja kumwosha nduguye nywele, awe safi kwa kanisa. Katika ukoo, neno la shangazi ndilo la mwisho.

Jumatano moja mzee aliteleza penye tangi la maji, akapasuka juu ya paji, damu ikamziba macho. Lesieli aliita majirani. Wote walikuwa shambani. Akaketi chini, akakipakata kichwa kile, akakiosha, akanyoa nywele kando ya jeraha, akafunga kitambaa. Mzee alinyamaza kimya. Alhamisi hakusema neno, wala Ijumaa.

Ukimya ule ulimtafuna Lesieli kuliko kinyesi cha miaka tisa. Aliwaza atakavyotajwa mpaka Oklandi: binti aliyemdharau baba yake alipokwisha nguvu. Na watakaomtaja ni walewale wasiowahi kufua hata shuka moja.

Jumamosi Shangazi alisimama mlangoni, mkeka wa heshima aliojifunga kiunoni umemkaa sawasawa.

"Nani kamfunga hivi?"

"Mimi, Shangazi."

"Na nywele?"

"Nimenyoa mimi, Jumatano. Tangu hapo hasemi nami. Damu ilikuwa nyingi..."

"Sijakuuliza damu." Akajishusha chini, magoti yakilia. "We Sefanaia, umekuwa bubu? Kakuumiza?"

"Hapana," mzee akasema. "Mkono wake mwepesi. Wako, dada, kama unakuna nazi."

"Hee! Miaka tisa nakukuna, mbona hukusema?"

"Ningekwambiaje wewe, dada yangu mkubwa?"

"Na mwanao je? Siku tatu unamtesa kwa kimya!"

"Nilikuogopa wewe. Nikimruhusu kabla hujasema, utaniua."

Shangazi alicheka mpaka akakohoa. "Wajinga nyie! Magoti yangu yamekwisha tangu mwaka juzi. Najiburuta huku kwa sababu huyu binti hajaniomba kazi hii."

"Naombaje kitu kama hicho, Shangazi?"

"Kwa mdomo! Haya, nasema mbele yake: mwiko nimeuondoa mimi, kichwa ni chako. Atakayenung'unika aje kwangu. Na wale wa Oklandi nitawapigia mwenyewe. Krismasi mmoja aje na mikono yake, masanduku ya nguo wanayotuma tumeyachoka. Wewe utalala."

Lesieli akapasha maji. Akaosha nywele za baba yake taratibu, akikwepa jeraha, akapaka mafuta ya nazi. Mzee akasinzia mikononi mwake. Shangazi, sahani ya magimbi mapajani, hakukosa la kusema: "Nyuma ya sikio hujafika."

Machozi yakamtoka Lesieli.

"Usimlilie kichwani," Shangazi akasema akitafuna. "Kidonda bado kibichi."