Mpanga Safu wa Makuyuni

Kisigino changu cha kushoto kinamjua Mzee Mdoe kuliko ninavyomjua mimi. Kwa miaka kumi na tisa, kila Ijumaa, kabla imamu hajanyanyua mikono, Mzee Mdoe alipita nyuma yetu na kifimbo chake cha mpera akikagua visigino. Kilichotangulia kiligongwa. Kilichobaki nyuma kiligongwa. Changu kiligongwa hata kilipokuwa sawasawa, nadhani kwa ajili ya Ijumaa zilizopita.

Hakuwa imamu wala mwadhini. Kazi ya kunyoosha safu alijipa mwenyewe, na hakuna aliyepata ujasiri wa kumnyang'anya. Ujanani alikuwa mpanga mistari kwenye shamba la mkonge. Yeye alishika ncha moja ya kamba ya katani, rafiki yake Muhsin akashika ncha nyingine. Kamba ilikuwa na fundo kila mita moja, na kila penye fundo ulipandwa mche. Mistari yao ilinyooka mpaka msimamizi akawa analeta wageni waje kuitazama. Wageni waliitazama, wakasema ni mistari kweli, wakaenda kula.

Shamba lilipokufa, kamba ikatundikwa ukutani kwa Mzee Mdoe, naye akahamia kwetu sisi. Alitufundisha kwamba nafasi kati ya mtu na mtu ndiyo njia ya shetani, kwa hiyo tusimame bega kwa bega. Akisema "Zibeni nafasi!" tulisogea kabla hatujafikiri. Akishamaliza kutunyoosha, alikwenda safu ya kwanza na kusimama kushoto kwa Muhsin. Muhsin alikuwa kuliani kwake tangu wote wawili wana nywele nyeusi. Nafasi hiyo hakuna aliyewahi kuikalia, hata mheshimiwa mmoja aliyekuja kuomba kura.

Ndipo ikaja korona. Nyumba za ibada hazikufungwa, tuliambiwa tu tunawe na tuachiane mita moja. Afisa afya aliyeletwa kutuambia hayo alikuwa Salome, binti wa Kwashemshi, mpole, mwenye daftari. Alianza na ndoo ya maji yenye koki.

"Binti yangu," Mzee Mdoe akamwambia, "sisi tunanawa mara tano kwa siku. Ndoo hiyo wapelekee wanaonawa Jumapili kwa Jumapili."

Salome, ambaye Jumapili husali, akaandika kitu kwenye daftari. "Na sabuni je, mzee?"

Tukapokea ndoo.

Kilichofuata ni alama za kusimamia. Salome hakuingia msikitini. Alibaki barazani akaelekeza kwa kidole, na mimi, kwa kuwa nilikuwa karibu na sijui kukataa, nikapewa chokaa. Nilichora alama za mkasi, ndizo rahisi. Nilipofika ya ishirini Mzee Mdoe akaingia, akasimama, akauliza kwa sauti ya chini ni nani aliyechora misalaba ishirini ndani ya msikiti. Nilisugua sakafu mpaka adhuhuri, nikachora upya, safari hii miduara.

Salome hakukata tamaa. Alimfuata Mzee Mdoe barazani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Nasikia wewe ndiye uliyekuwa ukipanga mkonge."

"Mimi na Muhsin."

"Mliuachia nafasi kiasi gani?"

"Mita moja."

"Kwa nini, mzee?"

"Mmea ukibanwa haupati hewa. Unadumaa."

Salome akamwacha mzee ayasikie maneno yake mwenyewe. Mzee Mdoe akayasikia.

"Mkonge hauswali," akasema.

Tulicheka wote. Maneno hayo yalifika sokoni kabla Salome hajawasha pikipiki yake. Na mimi nilicheka, tena kwa nguvu, nisije nikajifanya hapa kwamba nilikuwa na akili kuliko wenzangu.

Mtu mmoja tu hakucheka. Muhsin alikuwa na pumu. Alitembea na kipulizio chake kwenye mfuko wa kanzu, na daktari wa Korogwe alimwambia wazi kwamba ugonjwa huu ukimpata hatoki. Ijumaa ile Mzee Mdoe alipoita "Zibeni nafasi!" tuliiacha miduara tukabanana kama tulivyozoea, nami nikiwa miongoni, niliyeichora. Muhsin alibaki peke yake kwenye mduara wa dirishani.

Mzee Mdoe alimtazama. Safu zilisubiri, imamu akasubiri. Kisha akaenda kusimama mahali pake, kuliani kwake pakiwa wazi, na kijana wa nyuma akasogea kuliziba pengo. Wiki nzima wazee wale wawili hawakusemezana. Walipishana njiani kama watu wa vijiji viwili.

Ijumaa iliyofuata Mzee Mdoe alikwenda nyumbani kwa Muhsin kabla ya adhana. Ya huko aliyenieleza ni Mwanaidi, mke wa Muhsin, na alinieleza bila kupandisha sauti, jambo lililoniumiza zaidi.

"Alisimama hapo mlangoni," alisema. "Akamwambia, 'Miaka arobaini uko kuliani kwangu. Leo unaniogopa?' Mume wangu akajibu, 'Sikuogopi wewe, Mdoe. Naogopa ugonjwa.' Mdoe akasema, 'Mimi ndiye nitakayekuwa karibu yako, hakuna mwingine. Nina ugonjwa mimi?' Mume wangu akaona haya. Akavaa kanzu."

Mzee Mdoe alikuwa akikohoa wiki ile. Alisema ni baridi ya masika, na kweli mvua ilikuwa inanyesha. Walisimama bega kwa bega, mmoja akikohoa, mwenzake akiwa amejibana pumzi, na safu ilinyooka vizuri mno.

Mzee Mdoe alijifukiza siku tatu kwa mchaichai na majani ya mwarobaini, akapona. Muhsin alilazwa siku sita, akafariki tukiwa katikati ya Ramadhani. Tuliambiwa ni changamoto ya kupumua, kama walivyoambiwa wengi msimu ule. Hakuna aliyempima yeyote, kwa hiyo hakuna aliyejua, na hapakuwa na mtu Makuyuni ambaye hakujua.

Nilimchukia Mzee Mdoe. Nilikesha nikipanga maneno ya kumwambia mbele za watu, maneno mazuri, mengine nayakumbuka mpaka leo.

Asubuhi ya mazishi Salome alikuja na mfuko wa chokaa na uso wa mtu aliyejiandaa kugombana. Sala ya jeneza ilikuwa iswaliwe uwanjani, pembeni ya msikiti. Tulimkuta Mzee Mdoe amekwisha kutangulia. Alikuwa amepiga magoti kwenye majani yenye umande, kanzu imelowa mpaka mapajani, na mbele yake imenyooshwa ile kamba ya katani. Ncha yake aliishika mwenyewe. Ncha ya Muhsin ilikuwa imefungwa kwenye kigingi.

Kila penye fundo aliweka jiwe. Akimaliza mstari, anainuka, anakwenda kung'oa kigingi, anakisogeza, anarudi kuivuta kamba. Kazi ya watu wawili aliifanya peke yake, kwenda na kurudi, mistari saba. Nilisogea kumshikia ncha ile nyingine. Alinitikisia kichwa nisiishike.

Salome alisimama kando na chokaa yake. Baadaye aliuweka mfuko chini.

Tulipokusanyika, Mzee Mdoe alizungukia safu kama kawaida. Tulisubiri yale maneno. Hakuyasema.

"Kila mtu na jiwe lake," alisema.

Tukasimama mita moja moja, wanaume wazima, kila mmoja na hewa yake. Mzee Mdoe akaenda safu ya kwanza. Mimi nilikuwa safu ya pili, na nikaona kuliani kwake jiwe moja halina mtu. Sikufikiri. Miaka kumi na tisa mtu amenifundisha kuziba nafasi. Maneno yangu yote mazuri nikayasahau, nikapiga hatua mbele nikasimama hapo.

Kifimbo kikanigonga kisigino.

"Hapo pana mtu," akasema Mzee Mdoe, bila kunitazama.

Mbele yetu lilikuwa jeneza. Nikarudi kwenye jiwe langu.